Ngano Imekataliwa Getini: Dalili, Visababishi na la Kufanya Kabla Lori Halijageuka

Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Krismasi simu yangu haipoi. Anayepiga huwa yuko kwenye geti la kiwanda cha unga, lori lake liko foleni tangu usiku, na kijana wa maabara amemwambia neno moja tu: "Imekataa." Nikimuuliza imekataa nini, hajui. Anajua dereva anataka pesa ya kulaza lori, na kuna broka amesimama kando anayeweza kuichukua ngano hiyohiyo kwa bei ya huruma.

Nalima ekari saba za ngano Njoro, kaunti ya Nakuru hapa Kenya, na ndimi ninayebeba mashine ya unyevu ya kikundi chetu, kwa hiyo malalamiko ya Mau Narok, Molo na Rongai huishia kwangu. Baada ya misimu kadhaa nimeona yanajirudia. Haya ndiyo ya mara kwa mara, na kila moja nimelipanga kuanzia kisababishi kinachotokea sana hadi kile cha nadra.

Ukiambiwa ngano imekataa, uliza kwanza ni nambari gani iliyokataa. Gredi si kitu kimoja. Ni unyevu, uzito wa ujazo ambao wengi wetu tunauita hektolita, uchafu, punje zilizoharibika, wadudu na harufu. Mtu asiyekupa nambari bado hajapima. Amekuangalia tu.

Na tusidanganyane kuhusu gredi yenyewe. Mwaka 2023 bei zilizotangazwa na serikali kwa gunia la kilo 90 zilikuwa shilingi 5,300 kwa gredi ya kwanza na 5,200 kwa gredi ya pili. Tofauti ilikuwa shilingi mia. Kwa magunia mia, kushushwa gredi kulikugharimu shilingi 10,000. Inauma, lakini pesa kubwa hutoka kwingine, kwenye kilo zinazokatwa bila wewe kupiga hesabu.

Dalili: Nyumbani mashine ilisoma 13, kiwandani inasoma 15

Hii ndiyo simu ya kila siku. Wanunuzi wengi wanataka unyevu wa asilimia 13 au 13.5, na mkulima anaapa kwamba yake ilikuwa 13.

Mara nyingi kosa ni la sampuli. Umechota konzi moja mdomoni mwa gunia la juu, lililopigwa na jua tangu asubuhi. Wao wanaingiza lile bomba lenye ncha kama mkuki hadi katikati ya magunia ya chini, yale yaliyojazwa kombaini, ile mashine ya kuvunia, ilipoanza kazi saa tatu umande ukiwa bado shambani. Kule juu Mau Narok ngano hukauka vizuri kuanzia saa tano au saa sita mchana, na dereva wa kombaini anayelipwa kwa ekari hana haja ya kungoja.

Cha pili ni mashine. Ile ya kikundi chetu ina mpangilio wa mahindi, ngano, shayiri na maharagwe. Iache kwenye mahindi kisha uweke ngano, na nambari utakayopata haina maana yoyote. Betri ikilegea nayo hudanganya. Punje zilizotoka juani zikiwa moto pia hupotosha kipimo, kwa hiyo ziache kivulini zipoe kwanza.

Cha tatu ni safari. Turubai lenye tundu na mvua ya usiku mmoja pale Njoro vinatosha kulowesha magunia ya pembeni.

Ukaguzi rahisi kabla ya kupakia: chota kidogo kutoka gunia moja katika kila kumi, juu, katikati na chini, uchanganye kwenye beseni, kisha upime mara tatu na uchukue wastani. Huna mashine? Chukua chupa kavu ya glasi, tia ngano kiasi cha theluthi na vijiko viwili vya chumvi iliyokauka kabisa, funga na utikise kwa dakika moja, halafu uache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado uko juu ya 15 au hapo karibu. Isiponata, uko chini ya hapo, lakini si lazima uwe umefika 13. Kwa hiyo chumvi inakuambia usiende. Ruhusa ya kwenda haikupi.

Gawanya ile sampuli ya beseni mara mbili. Nusu itie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uufunge, uandike tarehe na nambari ya lori, na uende nao. Mabishano yakizuka, omba wapime mfuko huo mbele yako kwa mashine yao. Nimeona nambari ikishuka kutoka 15.2 hadi 13.8 hivyo, bila mtu kupandisha sauti.

Tiba ya ndani zaidi ni kukausha. Tandaza ngano kwenye turubai kwa unene wa vidole vitatu na uigeuze kila mara. Mvua ikikataa kuisha, tafuta mashine ya kukaushia. Bodi ya Nafaka ina vikaushio kwenye baadhi ya maghala yake, na hutoza kulingana na unyevu wa kutolewa. Mwambie anayeiendesha kwamba hii ni ngano ya unga. Punje zikipashwa kupita nyuzi 60 hivi, protini ya kuinua mkate hufa. Macho hayataiona, lakini mwokaji ataijua.

*Simama hapa:* ukitia mkono ndani ya gunia au lundo ukahisi joto, hiyo ngano imeanza kujipika. Usiishonee magunia wala usiipakie. Ifungue na kuitandaza saa hiyohiyo, na kama ni ghala zima, mwite mtu wa ghala mwenye ujuzi kabla hujaanza kuifukua. Lundo kubwa la nafaka linaweza kuporomoka na kumfunika mtu.

Dalili: Wamekubali ngano, lakini kilo zimeyeyuka kwenye karatasi

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo wengi wetu tunaibiwa tukisema asante.

Ngano yenye unyevu inabeba maji, na ni haki mnunuzi asilipie maji. Swali ni maji kiasi gani. Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Kama ngano ina unyevu wa 17 na anataka 13, chukua 83 (yaani 100 kutoa 17), ugawanye kwa 87 (100 kutoa 13), uzidishe kwa 90. Utapata kilo 85.9. Maji ya kutoka katika kila gunia ni kilo nne na kidogo, ambayo ni karibu kilo moja kwa kila pointi ya unyevu.

Sasa angalia risiti yako. Kama wamekata kilo mbili kwa pointi, wamekutoa kilo nane badala ya nne. Kwa magunia mia hizo nne za ziada ni kilo 400, karibu magunia manne na nusu, na kwa bei ile ya 5,300 ni zaidi ya shilingi 23,000. Linganisha na ile elfu kumi ya gredi uliyokuwa ukiipigania.

Wapo pia wanaokata kilo za unyevu, kisha wakashusha gredi kwa sababu ya unyevu uleule, kisha wakatoza ada ya kukausha. Ada ya kukausha ina haki yake kama kweli wanakausha. Kukata mara mbili kwa kosa moja hakuna haki. Uliza kanuni ya makato kabla ya kushusha hata gunia moja, na uandikiwe. Ukishashusha, nguvu yako yote imebaki kwenye lori tupu.

Dalili: Hektolita iko chini

Hektolita ni kilo ngapi za ngano zinaenea kwenye lita 100. Ngano nzuri ya mkate hucheza kati ya 76 na 82. Nambari ikiwa ndogo, punje zina ganda jingi na unga kidogo, na msagaji hupata pumba zaidi.

Kipimo cha nyumbani kipo na hakihitaji maabara. Chukua kopo lolote lenye kuta ngumu, hata gorogoro. Lijaze maji hadi ukingoni, upime uzito wa maji pekee. Limwage, likaushe, ulijaze ngano kwa kuimimina polepole bila kutikisa, ukwangue juu kwa rula, upime ngano pekee. Gawanya uzito wa ngano kwa uzito wa maji, zidisha kwa 100. Maji gramu 2,000 na ngano gramu 1,500 ni hektolita 75. Hutafikia usahihi wa maabara, ila utajua kama uko 77 au 70 kabla hujamlipa mwenye lori.

Kisababishi cha kwanza ni makapi, na hiki ndicho rahisi. Feni ya kombaini ilikuwa chini mno. Pepeta kopo moja kwa ungo na upime tena. Ikipanda pointi mbili au tatu, pepeta mzigo wote.

Cha pili ni mvua kwenye masuke yaliyokwisha kukomaa. Punje hulowa ikavimba, ikakauka, ikalowa tena, na kila mara hubaki imelegea. Hata ukiikausha hadi 13, hektolita hairudi yote. Ndiyo maana mwenye kuvuna siku kumi kabla yako jirani kabisa na wewe anaweza kukushinda kwa pointi nne na mbegu ni moja.

Cha tatu ni kutu, ugonjwa wa kuvu. Ile kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini na kupewa jina Ug99 imetuandama tangu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kutu ya manjano hupenda baridi ya juu kule Mau. Shina likishikwa punje hazijajaa, zinasinyaa kama zabibu kavu. Hapo hakuna ungo wa kukuokoa msimu huu. Msimu ujao uliza kituo cha utafiti cha KALRO hapa Njoro, ambako ngano za nchi nyingi huletwa kujaribiwa dhidi ya kutu hii, ni mbegu ipi bado inasimama. Mbegu iliyosifiwa na baba yako huenda kutu ilishaizoea.

Dalili: "Chafu", au "umechanganya shayiri"

Watu wa Mau Narok na Molo wanaijua hii. Kombaini imetoka kuvuna shayiri ya bia kwa jirani, ikaingia kwako bila kusafishwa. Magunia yako matano au sita ya kwanza yamebeba shayiri yake. Dawa ni kumlazimisha dereva azungushe mashine tupu, afungue milango ya chini, na yale magunia ya kwanza uyatie alama na kuyaweka kando kwa kuku. Akinuna, anune.

Punje zilizovunjika ni lawama ya ngoma ya kombaini kuzunguka kwa kasi mno, au nafasi kati ya ngoma na wavu wake kubana. Shika konzi nyuma ya mashine baada ya mita hamsini za kwanza. Ukiona nusu punje nyingi, msimamishe hapo, kwa sababu jioni hakutakuwa na cha kurekebisha. Mbegu za magugu na oti mwitu hutoka kwa chekeche. Mawe na udongo mara nyingi hutokana na kuanika chini bila turubai.

Dalili: Punje zimechipua

Tazama upande wa kiini cha punje. Ukiona ganda limepasuka na ncha nyeupe imechungulia, imechipua. Mvua ya Novemba ndiyo mshukiwa mkuu, na ngano iliyolala chini kwa upepo huanza mapema kuliko iliyosimama.

Tatizo halionekani lote kwa macho. Punje inapoamka hutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga, na mkate wake hunata kwenye kisu. Maabara hupima kwa kupasha moto uji wa unga na maji ndani ya bomba, kisha kuhesabu sekunde ambazo kijiti huchukua kuzama. Waokaji hutaka sekunde 250 hivi au zaidi. Iliyochipua sana hushuka chini ya 150.

Usijaribu kuificha kwa kuichanganya na nzuri. Kiasi kidogo kinatosha kuangusha kipimo cha lori zima, na utakuwa umeua ngano mbili kwa jiwe moja. Itenge, uitafutie mnunuzi wa chakula cha mifugo akijua anachonunua.

Dalili: Harufu au rangi isiyo ya kawaida

Harufu ya uvundo ni kuvu, kwa kawaida kwa sababu ya kuhifadhi ikiwa mbichi. Harufu ya samaki ni fugwe, ugonjwa wa kuvu unaoshika punje shambani. Vunja punje iliyofura, na ukikuta vumbi jeusi ndani, ndiyo hiyo. Shamba hilo linahitaji mbegu safi iliyotiwa dawa na mzunguko wa mazao.

Rangi ya waridi ndiyo inayonitia hofu, maana inaweza kuwa mambo mawili. Futa punje kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hiyo ni mbegu iliyotiwa dawa, pengine imebaki kwenye gunia kuukuu ulilotumia tena. Isipohama na punje ziwe zimesinyaa na zimepauka kama chaki, huenda ni kuvu ya Fusariamu, ambayo hupenda shamba lililotoka kulimwa mahindi na huacha sumukuvu.

*Simama hapa:* kwa hali zote mbili usisage, usimpe ng'ombe, usiwagawie majirani. Kuosha hakuondoi. Piga simu kwa afisa wa kilimo wa wadi, upeleke sampuli maabara. Gunia moja la mbegu yenye dawa likionekana kwenye lori lako, geti litafungwa kwa lori zima, na sitawalaumu.

Dalili: Fukusi wanatembea

Chekecha kilo moja juu ya karatasi nyeupe, uache kwenye jua dakika kumi. Wachache wakionekana mapema, tandaza juani, safisha ghala, choma takataka za msimu uliopita, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu hukosa pumzi humo bila dawa yoyote, ila ngano iwe kavu kwanza.

*Simama hapa:* vile vidonge vya kufukiza vinavyouzwa madukani hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haina dawa ya kuipoza mwilini, na imeua familia zilizolala chumba kimoja na magunia. Usivitumie ndani ya nyumba ya kulala wala kwenye stoo inayopakana na chumba cha watoto. Usingoje harufu ikuonye. Mwite mfukizaji mwenye leseni, hata kama magunia ni kumi.

Dalili: "Ngano yako ni laini"

Hii si gredi, ni aina, na watu huzichanganya. Marekani huuza ngano yake kwa matabaka: nyekundu ngumu ya majira ya baridi, nyekundu ngumu ya majira ya kuchipua, nyekundu laini, nyeupe ngumu, nyeupe laini, na durumu ya tambi. Ngumu yenye protini ya 11 hadi 13 huenda kwenye mkate, laini ya 8 hadi 10 kwenye biskuti na keki. Sisi huku huuza "ngano", basi, na msagaji huichanganya na ya Urusi au Ajentina ili apate unga anaoutaka.

Mnunuzi akisema laini, uliza asilimia ya protini. Ikiwa chini, mara nyingi kisababishi ni naitrojeni iliyoisha mapema. Mbolea ya kukuzia iliwekwa yote wakati wa kuchipuza matawi, mavuno yakawa mengi, protini ikagawanyika. Kubakiza sehemu ya mbolea hadi suke linapokaribia kutoka husaidia, kama mvua ipo ya kuiyeyusha. Kisababishi cha pili ni mbegu yenyewe. Na kama hana nambari ya protini, basi "laini" ni neno la kupunguza bei, lijibu kwa bei.

Dalili: Mizani haikubaliani

Pima magunia matano nyumbani kwa mizani unayoiamini, uandike uzito wa kila moja. Mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka na idara ya vipimo. Tafuta muhuri huo na tarehe yake. Kwenye mizani ya lori, hakikisha limepimwa likiwa na mzigo na likiwa tupu, dereva na utingo wakiwa nje mara zote mbili. Nimewahi kuuza kilo za utingo. Wakati ule zilikuwa kwa faida yangu, nikanyamaza. Mwaka uliofuata zikanirudia.

Tofauti ikizidi na ikajirudia kwa wakulima wengine, acheni kubishana na karani. Pelekeni malalamiko kwa afisa wa vipimo wa kaunti.

Dalili: Hakuna anayenunua, au amenunua na halipi

Wasagaji hupewa nafuu ya ushuru kwa ngano wanayoagiza, asilimia 10 badala ya 35 ya forodha ya pamoja ya Afrika Mashariki, kwa makubaliano kwamba watanunua kwanza ya wakulima wa hapa. Geti likifungwa ghafla wakati wa mavuno, uliza chama chenu kama mko kwenye orodha ya mpango huo. Mkulima asiyeorodheshwa hulazimika kupitia kwa broka aliyeorodheshwa. Huo ndio mzizi wa kelele nyingi, kuliko hata meli za ngano ya nje zinazoingia bandarini. Ukiwa na nafasi ya kungoja, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2019 inakuruhusu kuweka nafaka kwenye ghala lenye leseni na kutumia stakabadhi hiyo kuombea mkopo. Soma ada ya ghala kwanza.

Kwa deni, karatasi ndiyo kila kitu: hati ya kupokelewa mzigo yenye kilo, gredi, bei, tarehe ya kulipwa na sahihi. Kumbusha kwa ujumbe ulioandikwa. Siku thelathini zikipita bila jibu, andika barua ya madai. Deni lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Likizidi hapo, au aliyekupa cheki iliyoruka ameanza kubadilisha jina la kampuni, tafuta wakili, na usimpelekee mzigo wa pili kwa ahadi kwamba atalipa yote pamoja. Mzee mmoja wa Elburgon alifanya hivyo kwa lori tatu. Hati ya kwanza alikuwa nayo, ya pili ilikuwa picha kwenye simu iliyoibwa, ya tatu hakuandikiwa kabisa. Alilipwa ile ya kwanza.